Njia ya Stima Shambani kwa Mama

Shamba la mama yangu huko Kanyakine limepasuliwa katikati na ukanda usio na kahawa. Upana wake ni hatua nne za mtu mzima. Unaanzia kwenye kijia cha shule, unateremka katikati ya mibuni, unafika hadi kwenye migomba karibu na kijito. Mgeni akiuona hudhani ni mpaka wa ndugu waliogombana, kwa sababu kwetu ukiona mstari juu ya ardhi unajua kulikuwa na maneno. Hakukuwa na ugomvi wowote. Ukanda huo niliukata mimi, nikiwa kijana wa miaka kumi na mitano, kwa ajili ya nchi yangu. Hivyo ndivyo nilivyosema wakati huo, tena kwa sauti, na sikuona haya.

Tulikuwa vijana watano. Tulimaliza darasa la saba pamoja, tukatahiriwa Desemba hiyo hiyo, tukauguza vidonda katika kibanda kimoja alichokijenga mlezi wetu, ambaye pia alikuwa mjomba wangu. Uhuru ulikuwa bado mchanga, mdogo kwetu kwa miaka mingi. Mwalimu wetu alikuwa ametuambia mara nyingi kwamba taifa ni sisi, nasi tulimwamini kabisa, hasa kwa kuwa hakueleza alikuwa na maana gani. Basi pale kibandani, tumekaa miguu imetanuliwa, tukingoja mlezi atuletee uji, ndizi na nyama kutoka kwa mama zetu, hatukuwa na kazi nyingine ila kuipanga Kenya.

Tuliipanga kwa ukali. Mwana wa katekista, ambaye alikuwa rafiki yangu mkubwa, alitaka treni ipande hadi kilimani kwetu na iwe inasimama mbele ya kanisa. Mwingine alitaka kila boma liwe na simu, ingawa alipoulizwa atampigia nani alishindwa kujibu. Tulikuwa na sheria moja: ukipinga wazo la mwenzako bila kuleta lililo bora, unapoteza nyama yako ya siku hiyo. Nadhani ndiyo maana mipango yetu ilizidi kuwa mikubwa. Hakuna aliyetaka kukosa nyama kwa sababu ya kusema ukweli.

Mimi nilichagua stima. Niliwaambia wenzangu kwamba stima ikifika Kanyakine hakuna mtoto atakayesoma kwa koroboi na kuamka asubuhi akipenga masizi. Walikubali mara moja, kwa kuwa sote tulikuwa tumeyapenga. Sikuwaambia jambo lingine. Nilipokuwa darasa la nne, baba alilazwa hospitalini mjini Meru, na mama alinipeleka kumwona. Juu ya kitanda chake kulikuwa na taa inayowaka mchana, haitikisiki, haitoi moshi, wala hakuna aliyekuwa akiiangalia. Baba alinyoosha kidole akaniambia, "Angalia hiyo. Haichoki." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ninayoyakumbuka. Alizikwa wiki iliyofuata, na kutoka siku hiyo nilitaka kitu kisichochoka kiwe nyumbani kwetu.

Siku za mwisho kibandani, mlezi alitufundisha namna ya kuwa wanaume. Mengi yalikuwa matusi na nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa. Lakini moja alilirudia kila siku: neno la mwanamume halirudi. Ukitoka hapa, alisema, mama yako hatakutuma tena wala kukuamuru, na lile neno la kwanza utakalolisema bomani kama mwanamume hatalipinga. Litakaa hapo ulipoliweka mpaka wewe mwenyewe uliondoe. Si kila nyumba iliyoshika mila hiyo. Wengine walikuwa tayari wanaicheka. Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa, alifunga Ijumaa na kukemea pombe, lakini mila hiyo aliishika kwa mikono miwili. Nafikiri ni kwa kuwa baba hakuwepo, na alitaka bomani kuwe na mwanamume, hata kama ni huyu.

Nilipotoka, nilishangaa jinsi alivyobadilika. Desemba iliyotangulia alikuwa akinirushia mwiko. Sasa akitaka kuni hakusema, "Leta kuni." Alisimama mlangoni mwa jiko, akautazama ukuta, akasema, "Kuni zimekwisha." Nami nilikwenda kuzileta, nikijiona mkubwa. Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, alikuwa akiinama nyuma ya mtungi ili asionekane akicheka.

Januari hiyo chifu aliitisha baraza pale sokoni. Alizungumza juu ya vyoo, juu ya ushuru, kisha akapandisha sauti. "Stima iko njiani, wananchi! Hii si maneno ya siasa, hii kitu iko kwa plani. Na stima itapita mahali iko wazi. Kwa hivyo mtu asijenge ovyo ovyo halafu aje kunililia."

Wazee waliondoka wakijua wamekatazwa kujenga ovyo. Sisi watano tuliondoka tukijua kwamba stima inakuja mwaka huo, na kwamba inatafuta mahali palipo wazi. Na kama hapakuwa wazi, ni nani angepafungua kama si taifa? Kesho yake asubuhi tulichukua kamba ya mkonge tukaanza kupima kutoka shuleni hadi sokoni. Hatukufuata barabara, kwa sababu barabara ilizunguka kilima. Katika somo la sayansi tulikuwa tumefundishwa kwamba mwanga husafiri katika mstari ulionyooka, na tulikuwa tumepata alama nzuri katika swali hilo. Stima ni mwanga. Kwa hiyo njia ya stima lazima inyooke. Mpaka leo sijawahi kuwa na uhakika wa jambo lolote kama nilivyokuwa na uhakika wa hilo.

Mstari wetu ulipita katika mashamba manne. La kwanza lilikuwa la katekista. Alitusikiliza, akaingia ndani, akatoka na mpini wa jembe, na uanaume wa rafiki yangu ukaishia hapo kwa muda. Wa pili alituuliza kama tumekula. Wa tatu alikuwa mlezi wetu mwenyewe. Nilimkumbusha kwa heshima kwamba neno la mwanamume halirudi. "Ni kweli halirudi," akasema, "lakini hakuna aliyesema lazima liingie kwangu."

La nne lilikuwa letu. Kamba ilipita juu ya safu mbili za kahawa alizozipanda mama pamoja na baba mwaka aliozaliwa dada yangu. Baba alichimba mashimo, mama akabeba mbolea kwa kiondo. Nilijua hivyo. Wenzangu wanne walikuwa wamesimama kwenye kijia wakitazama, na nadhani kama wasingekuwepo ningerudi nyumbani kunywa chai. Lakini walikuwepo. Nikamwendea mama, aliyekuwa akipalilia pamoja na dada yangu, nikasema, "Stima itapita hapa. Safu hizi mbili zitoke."

Mama alinyooka. Alizitazama safu zile kutoka juu hadi chini, polepole, mti baada ya mti. Dada yangu alianza kucheka, akaona uso wa mama, akainamia jembe lake.

"Umesema?" mama akauliza.

"Nimesema."

Aliweka jembe chini, akaenda nyumbani, akarudi na shoka la baba. Hakunipa mimi kwanza. Mti wa kwanza alikata yeye, ule wa juu kabisa, kisha akaniachia shoka na kwenda kupika. Tulikata na kung'oa visiki siku mbili. Kahawa zilikuwa na maua bado, maana mvua ndogo zilichelewa mwaka ule, na harufu yake ilikaa mikononi mwetu mpaka Jumapili. Tulipomaliza tulisimama juu na kutazama chini, na nilijisikia fahari ambayo hata leo naikumbuka vizuri. Lilikuwa jambo la kwanza tulilolifanya badala ya kulisema.

Siku chache baadaye alikuja bwana shamba. Kukata kahawa bila kibali lilikuwa kosa, watu walipelekwa kortini kwa ajili hiyo. Alisimama ukandani, daftari mkononi, akauliza ni nani aliyefanya ujinga huu. Nilifungua mdomo. Mama alinipita, akasimama mbele yangu, akasema, "Zilikuwa na ugonjwa. Nilizing'oa mimi kabla hazijaambukiza hizi nyingine." Bwana shamba alitazama visiki vilivyolundikwa kando, vyenye afya kuliko yeye, kisha akamtazama mama na Biblia iliyokuwa ikichungulia kwenye kiondo chake, kwa kuwa ilikuwa siku ya mkutano wa akina mama. Akafunga daftari. Huo ndio uongo pekee niliousikia kutoka kinywani mwa mama yangu maisha yangu yote, na aliusema kwa ajili ya neno langu.

Stima haikuja mwaka ule. Haikuja mwaka uliofuata. Nilikwenda shule ya sekondari, na kila likizo jambo la kwanza nililolitazama nikifika ni ukanda. Mama hakuuacha ukae bure, alipanda maharagwe na viazi vitamu, vitu vifupi ambavyo nyaya zingeweza kupita juu yake bila shida. Lakini mti hakupanda. Bei ya kahawa ilipopanda sana na majirani wakabadilisha nyasi kwa mabati, watu walimwambia mama ajaze lile pengo. Alijibu kwamba pale ni njia. Walimcheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Ukanda ule ukapata jina mtaani: Njia ya Stima. Watoto waliutumia kukata njia kwenda shuleni.

Dada yangu, ambaye aliolewa ng'ambo ya kijito na akaendelea kuja kumsaidia mama kuchuma, hakuniachilia. "Subira huvuta heri," aliniambia Krismasi moja, "lakini sijasikia popote kwamba huvuta stima." Siku nyingine, tukichagua kahawa kwenye kivuli, aliniuliza swali ambalo limebaki nami. "Kule kibandani mlipokuwa mnaipanga Kenya, na treni zenu na simu zenu, ni nani mlimpangia kuchota maji?" Nilifikiri. Kwa kweli hatukumpangia mtu. Kenya yetu ilikuwa na kila kitu, na maji yalikuwa tayari yamo ndani ya mtungi.

Kitu kingine nilikiona na sikukielewa. Nyuma ya jiko mama aliotesha miche ya kahawa ndani ya mikebe iliyotobolewa chini, kila mwaka bila kukosa. Mvua ya masika ikifika, aliwagawia majirani bure. Nilidhani ni ukarimu wa mtu wa kanisa. Nilimsifu hata mbele ya mke wangu.

Nilipata kazi mjini Embu, katika ofisi ya serikali ambako ramani hunakiliwa. Sitaitaja zaidi ya hapo. Kazi yangu ilikuwa kuchora upya, kwa kalamu nyembamba, yale ambayo wengine walikuwa wameamua. Barabara iliyopo ilichorwa kwa mstari kamili. Iliyokusudiwa ilichorwa kwa nukta. Nilifurahia sana kugundua kwamba nchi nzima ilikuwa imejaa nukta. Ilikuwa kama kibanda chetu, ila hawa walikuwa na mihuri. Na siku moja nilikuta mstari wa nukta wa stima ukipanda kutoka Nkubu kuja upande wetu. Haukunyooka, ulizunguka kilima pamoja na barabara, lakini ulikuwepo. Niliuchora kwa uangalifu kuliko mstari mwingine wowote katika maisha yangu. Jioni ile nilikula nyama choma peke yangu.

Miaka michache baadaye nakala mpya ililetwa mezani, na mstari wetu haukuwepo. Haukupigwa msalaba, wala hakukuwa na barua ya kueleza. Mahali palipokuwa na nukta palikuwa na karatasi nyeupe tu. Nilimuuliza mkubwa wangu. Alisema, "Mipango hubadilika, bwana. Chora kilichopo." Nikachora kilichopo.

Hapa ndipo ninapojilaumu. Makosa ya kijana wa miaka kumi na mitano naweza kuyacheka. Lakini mwezi ule nilikuwa mtu mzima mwenye tai na watoto wawili, na nilijua kwa macho yangu kwamba stima haiji kwetu, kama si milele basi kwa miaka mingi. Ningeweza kupanda gari Jumamosi, nikamwambia mama: panda kahawa yako. Maneno matatu tu. Nilikwenda nyumbani, nikala githeri yake, nikautazama ukanda umejaa maua ya viazi, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba sitaki avunjike moyo. Huo ulikuwa uongo. Sikutaka kuwa mwanamume ambaye neno lake la kwanza lilikuwa upuuzi. Kwa hiyo nilimwachia mama yangu alibebe, na nikarudi Embu kuchora.

Siku hizi husikia watu wa rika langu wakisema kwamba vijana wa wakati ule tuliota ndoto kubwa na nchi ikatuangusha. Mimi pia nimesema hivyo, hasa nikiwa na wasikilizaji. Lakini nikikaa peke yangu nauona ukanda ule. Ndoto yangu ilihitaji nafasi, na nafasi hiyo haikutoka mfukoni mwangu wala serikalini. Ilitoka kwenye safu mbili za mwanamke mjane, na kila masika aliilipia upya bila kuniambia.

Stima ilifika nikiwa nimestaafu. Ilikuja ghafla, kwa nguzo zilizomwagwa kando ya barabara na malori, na vijana waliovaa makoti ya kung'aa. Nilikuwa nimekuja kumtembelea mama. Ana zaidi ya miaka themanini, mgongo umepinda, lakini masikio ni mazima. Aliposikia malori alichukua fimbo yake na kupanda hadi barabarani, nami nyuma yake.

Vijana wawili walikuwa wakipima. Walikuwa wakibishana kwa furaha kuhusu mambo watakayofanya vijiji vikishapata umeme: mmoja alitaka kufungua kinyozi na saiba ya intaneti, mwingine alisema kuku, mashine ya kuangua vifaranga, "hiyo ndio mambo, buda, hawa wasee hawajui tu." Niliwasikiliza na moyo wangu ukalainika. Nilitaka kuwauliza kama kwao anayepinga hupoteza nyama.

Mama aliwasalimia, akawaonyesha ukanda kwa fimbo. "Njia yenu ni hii," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Iko wazi. Hakuna mtu amejenga."

Kijana wa kwanza alitazama, akacheka kwa upole. "Aki shosho, huku hatupiti. Laini inafuata lami. Hapo unaeza panda kitu yako."

"Hampiti?"

"Hatupiti, shosho. Lakini kwa nyumba tutakuletea, usijali."

Mama alishukuru. Akageuka, tukashuka polepole kupitia ukandani, yeye mbele. Mwanzoni mwa ukanda, karibu na mahali alipokata ule mti wa kwanza, alisimama. Hakunitazama. Aliutazama udongo.

"Sasa naweza kupanda?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi maishani, lakini si kwa swali hilo. Mama yangu alikuwa akiniomba ruhusa juu ya shamba lake. Nikamwambia yote, nimesimama pale kama mtoto aliyevunja chungu: mstari wa nukta, nakala mpya, karatasi nyeupe, zile Krismasi nilizokula githeri na kunyamaza. Nilimwambia kwamba nilijua kabla mjukuu wake wa tatu hajazaliwa, na mjukuu huyo sasa ana ndevu.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Hata mimi nilijua," akasema. "Mti wa stima hauwezi kuchukua miaka yote hiyo kutoka Nkubu, hata kama unatambaa."

"Sasa mbona hukupanda, mama?"

"Aliyesema ni wewe. Nilikuwa nikingoja useme tena." Akachokoa udongo kwa fimbo. "Kila masika nilikuwa na miche. Nilikuwa nasema, labda mwaka huu atasema. Kahawa inataka miaka mitatu kabla ya kuzaa, na mimi sina miaka ya kutupa. Ungesema."

Hakulisema kwa hasira. Afadhali lingekuwa la hasira. Nilisema, "Panda, mama. Neno langu nimeliondoa." Machozi yalikuwa yakinitoka, na sikuyafuta.

Alizunguka nyuma ya jiko, nami nikamfuata. Miche ilikuwa pale ndani ya mikebe, imepangwa safu mbili, majani yake yanang'aa. Alichagua mmoja, akaukagua mizizi kwa kidole, akanipa niubebe. Kisha akachukua jembe lililoegemezwa ukutani. Nilingoja aseme, kama alivyozoea, kwamba udongo ni mgumu au mvua iko karibu. Aliliweka jembe mkononi mwangu, akanitazama usoni.

"Chimba," akasema.

Ilikuwa amri ya kwanza kunipa tangu nilipotoka kibandani. Nilivua koti, nikachimba.